Ukurasa wa Mimi

Siku ya kuniaga, katika kalasi kubwa ya masomo yetu, shule yetu ya hapa Katuba, prefe alisimama na chupa ya soda mkononi akasema maneno mazuri sana juu yangu. Yalikuwa mazuri hata nikageuka kuangalia kama kuna mtu mwingine amekaa nyuma yangu. Kisha, kabla watu hawajaanza kula sambusa, mkuu wetu huyo akaongeza kwamba "ukurasa wa Madame Ngalula" nao unastaafu pamoja na mwenyewe, ili saa ile ya Ijumaa irudie kwa masomo ya kweli. Ninyi walimu wadogo mlipiga makofi. Wengine mlipiga kwa heshima, wengine kwa njaa, lakini mlipiga.

Basi hii ndiyo hotuba ambayo sikuitoa siku ile, kwa sababu nilikuwa na sambusa mdomoni na hasira kooni, na vitu hivyo viwili havipiti pamoja. Ninawaandikia ninyi mnaobaki. Vyeo nilivyopanda sitavieleza, na mshahara mnaujua wenyewe, tusichekeshane. Nitawaeleza habari ya ukurasa ule: ulitoka wapi, tuliufanya namna gani, na kwa nini sikukubali kuuacha hata nilipotishiwa kufukuzwa. Nitaandika Kiswahili ambacho na mtu wa mbali atakielewa, lakini watu wakisema nitawaacha waseme kama tunavyosemaka hapa Lubumbashi. Sikuwafundisha watu kutojificha maisha yangu yote ili nije kuwaficha leo.

Nilianza kazi nikiwa msichana mwembamba, na diploma yangu ya Kifaransa, na sketi niliyoinyoosha kwa pasi ya makala, yale makaa ya jikoni, mpaka ikang'aa upande mmoja. Siku ya kwanza nikawapa wanafunzi kazi ambayo kila mwalimu mpya anaitoa: elezeni likizo yenu. Nikarudi nyumbani na furushi la makaratasi, nikasonga bukari, ugali wetu wa hapa, nikala, nikakaa kusahihisha. Wa kwanza alikwenda kijijini kwa babu yake. Babu alikuwa na ng'ombe. Asubuhi walikunywa maziwa ya moto, jioni wakakaa kando ya moto wakasikiliza hadithi. Vizuri. Wa pili alikwenda kijijini kwa babu yake. Ng'ombe, maziwa, moto. Wa tatu, ng'ombe tena. Nilipofika katikati ya furushi nikaelewa kwamba Katuba nzima ilihamia kijijini likizo ile, na kwamba babu wa kila mtu alikuwa ni yule yule. Alitoka katika kitabu kimoja cha zamani ambacho walimu walikuwa wanawakaririsha watoto, kwa maana ng'ombe wale walikuwa wanaleta alama nzuri.

Kesho yake nikamsimamisha Deo, mvulana ambaye nyumba yao ilikuwa nyuma ya yetu.

"Deo, babu yako anauzishaka makala pale ku soko, namuonaka kila siku. Ng'ombe anamulalisha wapi?"

Kalasi ikaanguka kwa kicheko. Deo mwenyewe hakucheka wala hakuona haya. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia.

"Madame, njo vile banaandikaka."

"Na weye, mu likizo ulifanya nini?"

"Nilifyatula matofali na yaya wangu."

"Shi uandike ile?"

"Ile haiko kintu, Madame."

Nimesikia matusi mengi katika kazi hii, lakini hakuna neno lililoniuma kama lile. Mtoto amefyatua matofali likizo nzima, mikono yake ina magamba, nyumba ya kaka yake inasimama kwa jasho lake, na anasema si kitu. Ng'ombe ambaye hajapata kumwona ndiye kitu! Nilikasirika, na ninawaambia wazi kwamba hasira ile haijaisha mpaka leo. Nimefanya kazi nayo kama wengine wanavyofanya kazi na miwani.

Nilikwenda kumlalamikia Mwalimu Ramazani. Huyu alikuwa mwalimu wa historia, mzee wa kofia nyeupe, Muislamu wa familia moja ya mafundi cherehani waliotoka Maniema zamani. Alikuwa anasema polepole, na chai yake ilikuwa inapoa kila siku kwa sababu ya hilo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia:

"Binti yangu, usiwakasirikie watoto. Ng'ombe wa kitabu ana faida yake, hapigi teke. Maisha ya mtu mwenyewe yanapiga."

Ndiye aliyenifundisha kazi. Yeye alikuwa anawaandikisha wanafunzi wake habari za barabara walikozaliwa, kila mtu kwa kinywa chake, na kalamu nyekundu hakuigusa. Alikuwa na penseli fupi, iliyochongwa kwa wembe, na kwa penseli ile aliandika pembeni maswali tu. Hakusifu, hakukaripia. Nikajaribu na mimi. Mwanafunzi akaandika juu ya kufiwa, nami nikaandika pembeni: "Ulisikia nini moyoni?" Mwalimu Ramazani akaona, akafuta swali langu kwa kidole chake kilicholowa chai.

"Kuuliza si ujinga," akasema, "lakini kuuliza hivi ni kumfundisha uongo. Ukimuuliza moyo, atakuletea maneno ya kanisani. Muulize mlango ulikuwa wazi au umefungwa. Muulize nani alikuwa amekaa wapi. Akikumbuka mlango, moyo atauona mwenyewe, na hatahitaji wewe."

Andikeni hilo mahali, ninyi mnaobaki. Mengine yote mnaweza kuyasahau.

Hivyo ndivyo ukurasa wa mimi ulivyozaliwa. Saa ya mwisho ya Ijumaa, ukurasa mmoja, jambo moja ambalo wewe mwenyewe umelifanya au umeliona kwa macho yako. Uandike kwanza kwa Kiswahili cha nyumbani, cha sokoni, cha robine tunapochota maji. Kifaransa kitakuja wiki inayofuata, hakikimbii. Usianze na "wazee walisema," kwa maana wazee wamekwisha sema, sasa ni zamu yako. Usimalize kwa sala. Usijifiche nyuma ya "sisi." Alama hakuna. Na ukurasa ni wa mwandishi: mimi ninausoma, ninaweka maswali ya penseli, ninakurudishia. Ukitaka kuupeleka nyumbani, upeleke. Ukitaka kuuchoma, uuchome, mimi sitakuuliza majivu.

Na mwalimu pia anaandika. Hapa wengi wenu mtaruka, ninawajua. Mimi ukurasa wangu wa kwanza ulisema nilichagua ualimu kwa kupenda watoto. Mwalimu Ramazani akausoma, akachukua penseli: "Siku ya kwanza, ulipoingia, ulisimama wapi?" Nilisimama juu ya jukwaa la mbao, mbele ya ubao. Nilikumbuka vizuri jinsi mbao zile zilivyolia chini ya viatu vyangu na kalasi ikanyamaza, na jinsi nilivyofurahi kwa ukimya ule. Ikanibidi niandike tena. Mimi nilizaliwa hapa, lakini wazazi wangu walitoka Kasai, mkoa mwingine, na utotoni, njiani kuja masomo, watoto walikuwa wananiuliza nitarudi kwetu lini. Kwetu wapi, jamani? Kwetu ni pale kwenye bomba linalovuja! Nilitaka mahali ambapo nikisema, watu wanyamaze wasikilize. Ndiyo sababu niliupenda ubao, na watoto nikawapenda baadaye. Kuanzia siku ile nilijua ninafanya nini mbele ya kalasi, na mtu anayejua hivyo hapigi kelele bure.

Si kwamba kila ukurasa ulikuwa dhahabu. Wapi! Nyingi zilikuwa mpira wa miguu. Kuna mvulana aliandika mwaka mzima juu ya baiskeli yake. Nikamuuliza habari ya mnyororo, akanijibu habari ya mnyororo. Nikamuuliza ilimpakia nani, akasema hakuna mtu, inapakia unga tu. Moyo wake sikuujua mpaka alipomaliza masomo, lakini mnyororo ule ningeweza kuutengeneza gizani.

Wakubwa hawakuupenda ukurasa. Inspekta mmoja aliniambia mwanafunzi bado hana maisha, sasa ataandika nini? Nikamjibu kwamba huyo mwanafunzi ameamka kabla ya jogoo, amechota maji, amewavalisha wadogo zake, amekuja kwa miguu, na mimi na yeye inspekta tulikuwa bado tunatafuta soksi. Hakuandika jibu langu katika ripoti yake. Prefe mmoja wa zamani alisema ninapoteza muda wa mtihani wa taifa, kwa kuwa katika mtihani mwanafunzi hatakiwi kusema "mimi." Basi nikabadilisha jina la saa ile katika ratiba, nikaandika "mazoezi ya alama za uandishi," na tukaendelea. Mzazi mmoja alinifuata mpaka nyumbani kuniuliza: "Madame, uko naungamisha batoto? Uko padri?" Nikamwambia padri anasamehe, mimi ninauliza tu.

Sasa nifike kwa Esta, kwa sababu prefe wa sasa, yule wa soda, ni kwa ajili ya Esta aliutafutia ukurasa kaburi.

Esta alikuwa katika mwaka wa sita, mwaka wa mtihani wa taifa, na alikuwa na akili. Lakini alikuwa hacheki. Wenzake wakicheka, yeye alikuwa anaangalia mlango, kama mtu aliyekatazwa. Baba yake, Papa Kalenga, ni seremala wa vitanda na milango. Mama yake alikuwa mwanamke wa biashara. Alikuwa anakwenda Sakania, kule mpakani, na treni kuleta unga, na akafa kwa ugonjwa Esta akiwa bado mtoto wa masomo ya msingi. Barabara yao yote iliijua habari ya kifo kile, kwa sababu ilisemwa kwenye kilio mbele ya watu. Aliyeisema ni Veronika, dada ya Papa Kalenga, shangazi yake Esta. Alisema mama alikuwa anakata roho ndani ya nyumba, na binti yake yuko kwenye robine anacheka na rafiki zake. Tangu siku ile shangazi aliishi nao, akawapikia, akawafulia, simnyimi haki yake. Lakini kila Esta alipocheka mezani, alimwambia: "Cheka, cheka. Njo vile ulicheka ile siku."

Mimi hayo sikuyajua. Miezi ya kwanza Esta aliniandikia unga: magunia, mizani, vumbi jeupe kwenye nyusi za mama yake. Ukurasa safi, wenye baridi. Halafu Ijumaa moja akaandika mistari michache tu:

"Mama alikufwaka na mimi nilikuwa ku robine. Nilikuwa nachota maji na nilikuwa nacheka na barafiki. Nilimuacha. Njo ile tu."

Nilikaa na karatasi ile mapajani. Mimi ni mama pia. Mkono wangu ulitaka kuandika "hapana, mwanangu, si kosa lako," na kama ningeandika hivyo angenishukuru na asingeniamini. Watu wazima walikuwa wamekwisha mwambia mengi. Nikatafuta mlango, kama nilivyofundishwa. Katika maneno yake kulikuwa na maji. Nikachonga penseli, nikaandika pembeni: "Nani alikutuma? Mu nyumba, maji ilikuwa imeisha?"

Ijumaa iliyofuata alinirudishia karatasi nyeupe. Nikamrudishia hivyo hivyo. Ijumaa ya baadaye akaandika haraka haraka, herufi zimelala:

"Baba njo alinituma. Maji haikuisha. Asubuhi nilichotaka, mabido yote ilikuwa imejaa. Nilimuambia baba, imejaa. Akasema, mwanga moja, wende uchote ingine. Nikamwanga maji muzuri mu lupango, nikaenda. Mama alikuwa ananiangalia. Sasa nawaza: bantu habamwangake maji ya muzuri bure. Mimi sikumuacha mama. Balinitosha."

Chini yake akaongeza swali, kwa nini walimtoa nje: "Juu ya nini balinitosha?"

Ninyi mnaojua Katuba mnajua bido, dumu la maji safi, ni nini, na foleni yake. Mtoto alimwaga maji yale uani kwa mkono wake mwenyewe, na miaka yote akakumbuka kicheko, lakini bido akalisahau. Kwa nini asisahau? Kicheko alikuwa anakumbushwa kila siku mezani, na bido hakuna aliyemuuliza. Sikuweka swali siku ile. Lake lilikuwa zuri kuliko yangu yote, na halikuwa la kuulizwa mimi.

Alipeleka ukurasa nyumbani. Ulikuwa wake. Shangazi Veronika akaukuta ndani ya kitabu alipokuwa anapanga vitu, akausoma, akampelekea kaka yake kwenye mbao. Jumatatu asubuhi wote walikuwa ofisini kwa prefe, na mimi nikaitwa, na Esta akaitwa.

Prefe alikwisha kata shauri kabla hatujakaa. Mwanafunzi amemshtaki baba yake kwa maandishi, tena ndani ya masomo. Basi atapiga magoti, atasema alichoandika ni uongo, ataomba msamaha, na karatasi itapasuliwa mbele yetu wote, kama tunavyofanya hapa jambo likiisha. Akikataa, atatoka katika masomo yake leo hii, na mtihani wa taifa atautafutia mahali pengine kama atapata. "Na weye, Madame," akasema, "utaacha ile ukurasa, ao utaacha kalasi."

"Unafundisha batoto kuvula bazazi nguo mbele ya bantu!" Shangazi Veronika alinipigia kelele. "Mambo ya nyumba haitokake inje!"

"Mama, hakuna mwenye alivuliwa nguo," nikamjibu. "Mutoto alieleza bido ya maji. Kama kuna kintu chini ya ile bido, miye sikukiweka."

"Madame, nyamaza kwanza," prefe akasema.

"Nilinyamazaka mbele ya bakubwa wengi, Prefe. Leo hapana. Ukitaka kalasi yangu, kamata. Lakini huyu mutoto hatasema bongo, hatadanganya mbele yangu, juu miye njo nilimufundisha kuiacha."

Sikusema hivyo kwa utulivu.  Nilikuwa na hofu, tena hofu kubwa, maana kama Esta angefukuzwa, ni penseli yangu iliyomfukuza, na mimi ningerudi nyumbani kula bukari yangu na yeye angerudi wapi? Hilo nililijua vizuri pale nilipokaa. Nikasema tu.

Papa Kalenga alikuwa bado hajafungua mdomo. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, kofia mikononi, na takataka za mbao kwenye nywele zake. Karatasi ilikuwa mezani mbele yake na alikuwa haiangalii.

"Esta," prefe akasema. "Piga magoti."

Akapiga magoti.  Nikawaza: wamemshinda.

"Baba," Esta akasema, "nimepiga magoti juu weye uko baba yangu. Lakini haiko bongo. Niko nakuuliza: ile siku, maji ilikuwa imeisha?"

 Nje, watoto wa kalasi ya wadogo walikuwa wanaimba majina ya miezi.

"Umuambie!" Shangazi Veronika akasema. "Umuambie mutoto kama eko nakusingizia!"

"Veronika, nyamaza," Papa Kalenga akasema. Kisha akamwambia binti yake, huku anaangalia kofia: "Haikuisha."

 Halafu maneno yakatoka, polepole, kama mtu anayeshusha mzigo na hataki uanguke.

"Mama yako njo aliniambia. Aliona saa yake inafika. Akasema: tosha mutoto, asinione mi nakufwa. Nami sikupata neno ya kukutosha, njo nikasema ya maji. Tena akaniapisha. Akasema: usimuambie hata siku moja kama miye njo nilimufukuza, atawaza sikumupenda. Nikaapa. Ulipofika kule, alisikia unacheka ku robine, juu haiko mbali. Alisema: sikia, anacheka. Njo neno yake ya mwisho."

Nililia. Sikugeuza uso wala kusingizia mafua. Shangazi Veronika alikuwa amesimama, mkono juu ya mdomo.

"Kaka," akasema, "na weye uliniacha niseme ile maneno kwa mutoto? Myaka yote?"

"Niliapia mufu," akasema. "Sikujua namna ya kutoka."

Esta hakulia. Alikuwa na hasira, na nilimpenda kwa hasira ile. "Ulisikiaka bananitukana, baba. Ku kilio. Ku meza. Kila siku."

"Nilisikiaka."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza, mama." Alimwita mama, kama baba anavyomwita binti yake hapa kwetu anapomwomba kitu kikubwa. "Unisamehe."

Esta hakusema amesamehe. Watu wanaoeleza habari hii barabarani wanasema walikumbatiana. Mimi nilikuwepo, hawakukumbatiana. Kulikuwa na kitu katika uso wa yule msichana ambacho sikupata kukiona kwake mwaka mzima. Alikuwa haangalii mlango tena, alimwangalia baba yake usoni, moja kwa moja, bado amepiga magoti.

Na huyu prefe wetu? Akakohoa. Ninyi mnamjua, ni mtu anayependa kila kitu kirudi mahali pake. "Basi," akasema, "Mungu ni mwema, jambo limeisha. Papa Kalenga, pasula ile karatasi, kila mutu arudie ku kazi yake."

Papa Kalenga akaichukua ile karatasi. Sasa aliisoma, midomo yake inatembea, mpaka chini, mpaka penye swali la mwisho.

"Prefe," akasema, "mama yake eko muzima mu hii karatasi. Anamuangalia mutoto. Miye nipasule?"

Akaikunja mara mbili, akaitia katika mfuko wa shati lake, juu ya moyo, akaupapasa mfuko kwa kiganja. Prefe alifungua mikono yake kama mtu anayesema, basi, ibaki kwa mzazi. Shangazi Veronika akatikisa kichwa kukubali. Hata mimi, mnanisikia, hata mimi nilidhani limekwisha vizuri.

Esta akainuka. Akapangusa vumbi kwenye magoti, akamwendea baba yake, akanyoosha mkono.

"Baba," akasema, "ni yangu."

Papa Kalenga alimtazama. Halafu akaitoa karatasi mfukoni, akampa kwa mikono miwili, kama mtoto anavyompa mkubwa. Esta akaipokea kwa mkono mmoja, akamwambia prefe ana somo la hesabu saa hii, akarudi kalasini bila kungoja ruhusa.